Sema Rangi

Thiers, karakana ya tatu ukishuka na mto Durolle,
kipupwe cha mwaka sitini na tatu.
Masizi hadi kwenye kope.
Mimi Adelino, miaka kumi na sita, mtoto wa Wareno,
Kifaransa changu chote kingeenea kwenye kibiriti.

Bibi Philomène Chassaigne hakunisalimu.
Alinipa ubapa wa kisu uliotoka kuzamishwa mafutani,
mweusi, ungali na uvuguvugu.
"Uangushe."
Nikauangusha.
Ukavunjika vipande vitatu juu ya mawe,
kwa sauti ya gilasi.
"Huo ni ugumu mtupu," akasema.
"Ugumu mtupu hufika sokoni ukiwa vipande."

Akanionyesha kazi tangu mwanzo:
pua huingia tanurini hadi iwe nyekundu iliyoiva,
na sumaku iliyoing'ang'ania asubuhi nzima
ghafla haiitaki tena.
Hapo. Si kabla, wala si baada ya kupiga chafya.
Chovya.
Ukizidisha moto, punje zake za ndani hunenepa kama chumvi ya mawe,
kisu hurudi na mteja,
na mteja hurudi na mdomo.

Husemwa samaki mkunje angali mbichi.
Pua si samaki.
Nimeiona, ngumu kama kesi ya ardhi,
ikitiwa tena motoni, ikafukiwa majivuni ipoe usiku kucha,
na asubuhi ikaamka mbichi,
imesahau kila ilichofunzwa,
inapigwa tupa kama mti laini.

Lakini kisu hakikati kwa usahaulifu.
Kwa hiyo kuna joto la pili, dogo,
nalo ndilo lililonifanya nigundue siri yake.
Tulisugua ubapa hadi ukaona meno yako ndani yake,
tukaulaza mgongo juu ya chuma cha moto,
na rangi zikaanza kutembea
kutoka mgongoni kuelekea makalini.
Yeye alikuwa akitazama kando kidogo ya ubapa.
Macho yake yalikuwa na utando,
kama maziwa yaliyolala.

"Sema rangi," akaninong'oneza,
ili Gaspard asisikie,
Gaspard aliyelala kifudifudi juu ya jiwe la kunolea,
mbwa wake akimpasha miguu moto.

Sikujua majina. Nikasema nilichokuwa nacho:
"Ni kama mkate wa mahindi wa mama, upande wa juu."
"Bado."
"Upande wa chini."
"Toa!"
Maji yakachachatika.
Huo ukawa ubapa wa kukata.

Kamani ya mpini, ile inayokilaza kisu na kukiamsha,
pua ileile, tanuri lileile,
tuliiacha isafiri mbali zaidi:
mkate, kahawa, shingo ya njiwa anapogeukia jua,
kisha buluu,
buluu ya ovaroli ya baba kabla ya kufuliwa mara ya kwanza.
"Toa!"
Nikaipinda kwa vidole. Ikakubali,
kisha ikarudi ilipokuwa,
kana kwamba hatukuwahi kukutana.

Miaka miwili nilikuwa macho yake.
Hakunishukuru. Jumamosi moja alinipa jibini,
akasema limemzidi.
Mapunje ya Gaspard? Hakuna aliyeuliza.
Visu havikurudi.

Kisha mwenye karakana akanunua jiko la umeme,
lina mlango wa kijivu na saa yenye mshale.
Wote wakakusanyika kulisifu.
Bibi Philomène akapapasa kioo cha ile saa
kama mtu anayemgusa mtoto wa jirani.
"Inasemaje?"
"Mia mbili na thelathini."
Akanyamaza. Umeme ukavuma.
"Hiyo ni rangi gani, Adelino?"

Nikachungulia mlangoni, joto likanichoma nyusi.
"Mkate wa mama," nikasema. "Upande wa juu."

"Bado," akasema,
na wote wakangoja.